Mjadala: Mchezaji wa kulipwa akistaafu, apewe timu ya mkoa au aanze kama msaidizi?

Mleta mada, Mwanga (Kigoma):
Wakuu, salamu. Kila mashindano ya mikoa yakikaribia, ubishi ni ule ule: nani ashike timu yetu ya kikapu. Wapo wanaosema akipatikana mtu aliyecheza ligi ya kulipwa akabidhiwe siku hiyo hiyo. Wengine wanataka akae msimu mzima kama msaidizi wa mwalimu wa michezo mwenye cheti, hata kama mwalimu huyo hajawahi kulipwa shilingi kwa kucheza.

Mimi nasema akabidhiwe. Steve Kerr alicheza NBA, ligi ya kulipwa ya kikapu ya Marekani, misimu 15, akatwaa ubingwa mara tano, mara tatu akiwa Chicago Bulls na mara mbili San Antonio Spurs. Mwaka 2014 Golden State Warriors wakampa timu ilhali hajawahi kuwa hata kocha msaidizi. Msimu wake wa kwanza alishinda michezo 67, akapoteza 15, akabeba kombe. Mnataka ushahidi gani tena?

Mwalimu wa michezo, Ujiji:
Mkuu, umesimulia nusu. Kerr alikuwa meneja mkuu wa Phoenix Suns kuanzia 2007 hadi 2010, kwa hiyo alishakaa upande wa pili wa meza. Alipoingia Warriors akajaza benchi kwanza: Ron Adams kwa ulinzi, Alvin Gentry kwa mashambulizi, wote wakongwe wa kazi hiyo. Isitoshe, timu yenyewe ilikuwa imetoka kushinda michezo 51 chini ya Mark Jackson.

Tena angalia fainali ya 2015. Warriors walikuwa nyuma 2-1 dhidi ya Cleveland. Wazo la kumtoa Andrew Bogut, mtu wa katikati, na kumwanzisha Andre Iguodala mchezo wa nne lilitoka kwa Nick U'Ren, kijana wa benchi la ufundi aliyekuwa akipitia video za fainali ya mwaka uliotangulia. Kerr akakubali, timu ikashinda michezo mitatu mfululizo. Sisi tunamkabidhi mstaafu mipira sita, miwili haina upepo, na msaidizi ambaye kazi yake ni kubeba maji. Halafu tunauliza mbona hakuwa Kerr.

Mleta mada, Mwanga:
Mwalimu, umenisaidia bila kutaka. Huyo Mark Jackson naye alikuwa mchezaji mstaafu aliyepewa timu bila kupitia usaidizi. Mbona michezo 51 alishinda?

Mwamuzi, Cheyo (Tabora):
Naomba niingie kutoka huku Tabora. Kwa mifano ya Marekani mtabishana hadi alfajiri, kila upande anao wake. Jason Kidd alistaafu Juni 2013, mwezi huo huo Brooklyn Nets wakampa timu. Novemba, mechi na Lakers, sekunde chache zimebaki na taimauti, yaani nafasi za kusimamisha mchezo ili aongee na timu, zimemwishia. Akagongana na mchezaji wake makusudi, kinywaji kikamwagika uwanjani, mchezo ukasimama huku wanafuta sakafu. Akapata muda wa kupanga, mechi akapoteza vilevile, na faini ya dola 50,000 juu yake.

Hilo ndilo linalowaangusha wachezaji wapya kwenye ukocha: hesabu ya vitu vidogo. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una taimauti mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili. Zisizotumika nusu ya kwanza hazihamii ya pili. Dakika mbili za mwisho za robo ya nne huwezi kutumia zaidi ya mbili, hata kama ulibana zote tatu. Aliyezoea ligi ya Marekani ana kosa jingine: kule mchezaji aliye uwanjani anaweza kuomba taimauti, huku anayeomba ni kocha au msaidizi wake wa kwanza, kwa kwenda mezani. Kumpigia kelele pointi gadi wako, yule anayeongoza mpira, aombe ni kazi bure, nikiwa na filimbi sitasimamisha.

Mtunza takwimu, Gungu (Kigoma):
Nami niongeze la karatasi. Mchezaji hukumbuka mpira aliokosa mwishoni. Kocha anatakiwa ajue mashambulizi yake yalikuwa mangapi na kila moja lilizaa nini. Chukua mitupo yote ya uwanjani, ongeza mitupo huru mara 0.44, toa rebaundi za ushambuliaji (mipira timu iliyoidaka tena baada ya kukosa), ongeza mipira iliyopotea. Tuseme timu imetupa mara 60, mitupo huru 15, rebaundi za ushambuliaji 10, mipira iliyopotea 18. Inakuja kama mashambulizi 75. Kama ilifunga pointi 54, kila shambulizi limeleta 0.72. Kwa mipira 18 iliyopotea, tatizo la timu hii haliko kwenye kutupa, liko mikononi, na mazoezi ya wiki nzima yahamie kwenye pasi chini ya presha. Daftari na kalamu mbili zinatosha. Nimeona wastaafu wakilidharau daftari, wakisema mpira wanaujua kwa macho.

Mleta mada, Mwanga:
Macho msiyadharau. Kijana akitupa mpira ukapiga mbele ya ringi mara tatu, mwenye daftari ataandika "kakosa". Aliyecheza ataona magoti hayajakunjwa kabla mpira haujafika mikononi, kwa hiyo nguvu yote inatoka mkononi, na robo ya nne mkono umechoka. Kwetu kuna jambo jingine: uwanja wa saruji uko wazi na upepo wa ziwa jioni si wa kitoto. Mtupo wa pointi tatu, wa mita 6.75, wenye mwinuko mkubwa unasukumwa. Mzoefu atawaambia vijana wapenye, watupe kwanza kwa kugonga ubao wa nyuma ya ringi, pointi tatu wabaki nazo wa pembeni ambao upepo unawapiga mgongoni. Cheti kinafundisha hilo?

Kocha wa wasichana, Kanyenye (Tabora):
Kaka, hilo hata asiyecheza ligi analiona akiwa uwanjani kila jioni. Shida ya wengi waliotoka ligi za kulipwa ni kipimo. Wanaleta mazoezi ya mtu mwenye daktari wa timu na sakafu ya mbao, wanawarusha vijana juu ya saruji saa mbili, siku sita. Wiki ya tatu nusu ya timu inalalamika magoti. Kwenye saruji punguza miruko, siku nne zinatosha, dakika 90, na kati ya hizo kocha asizungumze zaidi ya kumi. Jingine: anaingia kucheza mwenyewe ili wawe kumi kamili. Akiwa ndani anaona mtu wake tu, hao wengine wanane nani anawatazama?

Mfano wangu ni Royal Ivey. NBA alicheza misimu kumi bila kuwa nyota, akawa msaidizi kwenye timu kadhaa, ndipo akaipeleka Sudan Kusini Olimpiki ya Paris 2024, nchi isiyokuwa na uwanja wa ndani. Waliifunga Puerto Rico 90-79. Huyo alikaa benchi akajifunza kwanza.

Mleta mada, Mwanga:
Dada, nakubali hapo kwenye magoti. Basi tugawane: mstaafu na mwalimu wote wawe makocha wakuu, mmoja ulinzi, mmoja mashambulizi.

Mwamuzi, Cheyo:
Haiwezekani, mkuu. Kwenye fomu ya mchezo kuna kocha mkuu mmoja. Yeye ndiye anayeweka alama kwa watano wa kuanza, si chini ya dakika kumi kabla ya mechi. Na wakati wa mchezo, kati ya kocha na msaidizi wa kwanza, anaruhusiwa kusimama mmoja tu kwa wakati. Wakisimama wote nawaonya, wakirudia ni faulo ya kiufundi.

Mwalimu wa michezo, Ujiji:
Basi mstaafu asimame, sina neno. Mimi nitakaa na daftari, nagawa dakika 200 za wachezaji: watano mara dakika 40. Mwenye faulo mbili robo ya kwanza anakaa nje hadi nianze kuhesabu robo ya pili. Ila taimauti naomba mimi, na asiniulize kwa nini nimeomba pointi zikiwa sawa.

Mleta mada, Mwanga:
Atakuuliza tu, Mwalimu. Tena mbele ya vijana.