Mrejesho: make ilikuwa inakataa kukompaili, kumbe ni saa ya mashini

Bandugu aksanti sana. Niliuliza juu ya programu yangu ya C ya kuhesabu mauzo ya duka ya mama, nabadilisha hesabu.c, nasevu, napiga make (ile programu ya kukompaili, ni kusema kugeuza kodi ikuwe programu ya kurun), inajibu eti kila kitu iko sawa hakuna ya kufanya, narun naona matokeo ya zamani ileile.

Mmoja wenu akasema piga ls -l uone tarehe. Weee! hesabu.c ya 2010, hesabu.o (ile inatokaka wakati hesabu.c inakompailiwa) ya wiki iliyopita. Kumbe make haisomi ndani ya faili, inalinganisha saa tu, .c ikiwa nzee kuliko .o haigusi kitu. Kale kapile ka CR2032 kenye kushikilia saa ya mashini kalikufa, kila umeme ikikatika (na hapa Bukavu munajua vile inakatikaka) saa inarudi nyuma. Nikanunua kapya kule Kadutu, nikarekebisha saa, nikapiga make -B (inakompaili yote bila kuangalia saa), imeisha.

Niliuliza pia juu ya programu kuanguka na segmentation fault (kosa ya kugusa memori yenye hairuhusiwe): nilitia -g kwa CFLAGS (maagizo ya kompaila, ili iweke namba za mistari), make clean (kufuta vya zamani), make, halafu gdb ./hesabu (gdb ni ya kutafuta makosa), run, ikaanguka, bt (inaonyesha ilianguka wapi). Ikanionyesha mustari wa 41, fgets (yenye kusoma faili) imepewa NULL, ni kusema hakuna faili, juu fopen (yenye kufungua) ilikosa faili ya bei, nilikuwa narun nikiwa kwa folda ingine na sikucheki hata. Aibu kidogo.

Imebakia moja: nikibadilisha bei.h (faili ingine yenye hesabu.c inatumia) make haioni. Nafikiri sikuiandika kwa mustari wa hesabu.o ndani ya Makefile (faili ya maagizo ya make), nitajaribu umeme ikirudi.