Familia ya Isyesye: chumba cha Mzee

*Jumatano*

18:41 Dada Atu: Shikamooni wakubwa, habari za jioni wote. Narudia la jana maana naona tiki za bluu tu, majibu hakuna. Vyombo vya muziki vya chumba cha Mzee, asikie kwaya. Lusajo anapita Kariakoo kesho na keshokutwa, Ijumaa usiku anapanda basi kuja huku. Akija mikono mitupu ndo basi tena, mpaka Krismasi. Nataka jibu leo.

18:43 Gwakisa: Nunueni sabufa. Mwanjelwa zimejaa. Kazi imeisha 😂

18:44 Dada Atu: Gwakisa usianze.

18:52 Lusajo: Sabufa hapana kaka. Kile chumba ni mita 3 kwa 3.5, nilikipima tulipokuwa tunapaka rangi. Chumba kidogo namna ile besi ikigonga ukuta inarudi na kujazana, hasa kwenye hezi 50 hadi 60. Mzee anataka kwaya. Atasikia mvumo tu, maneno hata moja halishiki. Kompyuta tunayo, ile ya Sekela iliyobaki alipofunga duka. Zinatakiwa amplifaya ndogo, spika mbili na waya.

18:53 Gwakisa: Mzee akifunga sabufa majirani wote wanahamia Uyole

18:53 Mama Bupe: 😂😂😂 mnakumbuka harusi ya Tukuyu

18:54 Gwakisa: Mchungaji alivyoziba masikio 😂

18:54 Mama Bupe: Mwe! Na ile keki!

18:55 Dada Atu: JAMANI.

18:58 Dada Atu: Hesabu ya Lusajo hii hapa. Amplifaya 55,000. Spika za mtumba 90,000. Waya na pini 15,000. Diski ya SSD 45,000. Jumla 205,000. Tuko saba wenye kipato, kila mtu 30,000, inayobaki ni ya kubeba mzigo. Namba yangu ni ile ile.

19:06 Mama Bupe: Diski ya nini tena? Kompyuta si inayo?

19:09 Lusajo: Inayo dada, lakini ni ya kuzunguka na imechoka. Inakoroma, na kuwaka kwake unaweza ukachemsha chai ukanywa. Mzee hatasubiri, ataondoka zake. SSD haina kinachozunguka ndani, iko kimya na inawaka upesi. Feni nitaipuliza vumbi mwenyewe. Kompyuta ikae chini ya meza upande wa mlangoni, spika tu ndo ziwe juu.

19:10 Gwakisa: Na amplifaya ya 55,000 itasikika kweli? Isije ikawa ya kitoto

19:15 Lusajo: Inatosha sana. Ni ubao wenye chipu ya TPA3116, unakula umeme wa volti 12 mpaka 24. Kwa hiyo chaja ya zamani ya laptopu ya volti 19 inaiendesha, adapta hatununui. Chumba kile Mzee hatafika hata robo ya sauti. Watu wanakimbilia wati kubwa, wanasahau kwamba masikio yako mita mbili kutoka kwenye spika.

19:17 Dada Atu: Umesikia Gwakisa? Tuma 30,000.

19:21 Lusajo: Sasa kuna jambo ambalo hatujaligusa. Kanda. Kompyuta haisomi kanda. Lazima redio kaseti icheze, waya utoke kwenye tundu la hedifoni uingie nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la BLUU. La pinki ni la maikrofoni, msichomeke hapo, sauti itapasuka. Programu ni Audacity, ya bure. Kanda ya dakika 60 inarekodiwa dakika 60, hakuna mkato. Ukiihifadhi kama faili la sauti lisilobanwa inakula kama MB 600, nafasi ipo.

19:22 Lusajo: Redio kaseti iko wapi?

19:40 Mama Bupe: Mnajua iko wapi.

19:44 Kaka Nico: Nilijua tu tutafika hapa.

19:45 Kaka Nico: Niliichukua kuitengeneza. Nilisema mbele ya wote.

19:46 Mama Bupe: Ulisema siku ya arobaini. Na cherehani nayo unaitengeneza?

19:46 Dada Atu: Cherehani hapana. Leo hapana.

19:48 Kaka Nico: Basi na aliyelipia kaburi asemwe, tuone kama mnamkumbuka.

19:49 Gwakisa: Mimi nilishasema sabufa 🙏

19:50 Dada Atu: Gwakisa!!

19:53 Lusajo: Kaka Nico, redio yenyewe ina tatizo gani?

20:15 Kaka Nico: Inacheza taratibu halafu inayumba, kama mwimbaji amelewa.

20:18 Lusajo: Hiyo ni mpira wa mota umelegea, unavuta kanda kwa kusitasita. Fundi wa redio anaubadilisha, ni kampira tu kama ka kufungia noti. Na ile hedi inayogusa kanda ifutwe kwa pamba na spiriti, utaona pamba inatoka kahawia. Msiweke kanda za Mama humo kabla ya hapo. Ikizitafuna hazina nakala.

20:41 Dada Atu: Nico?

21:30 Dada Atu: Nico, dada yako anakuuliza.

*Alhamisi*

05:48 Shangazi Tukuyu: Bwana asifiwe watoto wa kaka yangu. Nimesomewa yote usiku. Tangu msiba kaka yangu ameniomba jambo moja, asikie sauti ya mkewe akiimba kabla na yeye hajaondoka. Kanda ziko kwenye bati la biskuti chini ya kitanda, nimeziona. Nico, ile redio kaka yangu aliinunua kwa pesa ya kuuza majani ya chai, nikiwa nimesimama pale pale. Irudi Isyesye. Ya kaburi na ya cherehani mtakuja kwangu tukae, nikingali hai. Hayaongelewi kwenye simu. Na wewe Atu, wasemeshe wenzako vizuri.

05:59 Dada Atu: Shikamoo shangazi. Nimesikia.

06:04 Lusajo: Shikamoo shangazi. Ndaga.

06:10 Mama Bupe: Shikamoo shangazi

06:31 Gwakisa: Shikamoo shangazi. Dada Atu nimetuma 30.

06:33 Dada Atu: Imefika, asante mdogo wangu. Wengine naomba, kwa upendo kabisa.

13:20 Mama Bupe: Nimetuma 20, kumi mwisho wa mwezi. Parachichi bei imeanguka.

19:02 Dada Atu: Nico, shangazi anasubiri.

*Ijumaa*

10:12 Lusajo: Niko dukani. Spika za kwanza nimezikataa, ule mpira wa kuzunguka koni umeoza, ukigusa unabaki kidoleni. Hizi za pili ni za ohm 6, koni nzima. Nimegusisha betri ya 1.5 kwenye nyaya, kila moja imejibu "tap" safi. Ila anataka 110,000.

10:13 Dada Atu: Mkononi nina 140,000 tu, na yangu humo humo. Mpe 90.

10:15 Gwakisa: Mwambie sisi ni Wanyakyusa tutamletea mchele wa Kyela

10:16 Mama Bupe: Mchele wenyewe sasa hivi unajua bei? 😂

10:16 Gwakisa: Basi ndizi

10:18 Dada Atu: Lusajo yuko kwenye kaunta jamani!

10:24 Lusajo: Ameshuka mpaka 100, hatoki hapo. Zitakaa mezani au juu ya kabati?

10:26 Dada Atu: Kabatini. Mezani kuna dawa za Mzee.

10:29 Lusajo: Dada, kabatini sauti inampita juu ya kichwa. Zikae usawa wa sikio akiwa ameketi kwenye kiti chake, zitengane kama mita moja na nusu, zisibanwe kwenye kona. Dawa tutazipigilia kirafu. Mapazia mazito na yale mablanketi yaacheni, yanameza mwangwi. Na kwenye kufunga, nyekundu kwa nyekundu pande zote mbili. Moja ikigeuzwa sauti ya Mama haitakaa katikati, itaelea tu.

10:31 Dada Atu: Ya meza nitaongea na Mzee mwenyewe. Meza aliitengeneza yeye, simgusii kitu bila kumuuliza.

10:33 Lusajo: Sawa. Lakini nichukue au nisichukue? Spika, waya na amplifaya ni 170,000. Jamaa anafunga saa sita anaenda swala.

11:02 Dada Atu: Sekela? Tusa? Nico?

11:40 Dada Atu: Chukua amplifaya na waya. Spika mwachie 70,000 ya kushikilia, nyingine nakutumia jioni. SSD tuiache kwanza, ile ya zamani ikorome.

11:44 Lusajo: Amekubali mpaka saa kumi na mbili.

15:27 Kaka Nico: Shikamoo shangazi. Redio nimeipeleka kwa fundi hapa Tunduma. Anasema mpira wa saizi hiyo hana, mpaka aagize. Ikiwa tayari nitaipakia kwenye Coaster.

15:29 Mama Bupe: Lini?

15:58 Shangazi Tukuyu: Marahaba Nico. Usiipakie. Ilete mwenyewe.

17:36 Sekela: Samahanini wapendwa ndo nashika simu sasa. Tunachangia nini? Na kompyuta yangu nani kasema imeshatoka?

17:37 Dada Atu: Sekela nakupigia, pokea.