Picha ya MRI ya ubongo kwa mgonjwa wa Wilson
Swali: Ndugu zangu, mdogo wangu amegundulika kuwa na ugonjwa wa Wilson (ugonjwa wa kurithi ambao madini ya shaba hujilimbikiza mwilini), na daktari ameagiza picha ya MRI ya ubongo ilhali tuliambiwa tatizo ni la ini. Je, kuna haja?

Jibu: Pole sana. Haja ipo, kwa sababu hitilafu ya jeni ya ATP7B hulizuia ini kutoa shaba iliyozidi, nayo huweza kujilimbikiza hadi kwenye ubongo. Katika picha za T2, ambazo ni aina mojawapo ya picha za MRI, putameni (sehemu ya ndani ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo) huonekana nyeupe kupita kawaida, na ubongo wa kati pengine huchora umbo kama uso wa mnyama aitwaye panda.

Jibu: Naongezea kwamba alama hizo zaweza kupungua dawa zikitumiwa bila kukatiza, hivyo itunzeni picha ya kwanza kwa kulinganishia. Nanyi ndugu wa baba na mama mmoja mpimwe, kwani uwezekano wa kila mmoja kuwa ameurithi ugonjwa huu ni asilimia 25.