Kumlalamikia Mungu wakati unauguza, ni dhambi au?

mama_wa_mwaloni (Kibirizi, Kigoma)
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba msaada wa Maandiko na wa busara pia, wenye kejeli pitieni mbali kidogo. Mume wangu ni mvuvi, alikuwa na kipe chake, chombo cha kuvulia, kashirikiana na mwenzie. Ziwa Tanganyika lilipofungwa tusivue ile Mei 15 mpaka Agosti 15, 2024 tulikula mtaji wote nikaingia na mkopo wa kikoba, lilipofunguliwa tukasema sasa tunapumua, haikupita muda mrefu akaanguka kiharusi. Upande wa kushoto wote umelala mpaka leo, na kuongea ni kwa shida. Injini imeuzwa, taa za sola zimeuzwa, mi ndo nahangaika na dagaa mwaloni, usiku namuogesha namgeuza nafua mashuka, asubuhi watoto wanataka uji.

Sa juzi nimeanika dagaa mchangani, zimeshaanza kukauka vizuri kabisa, mvua ikashuka ghafla hata turubai sijafikisha, na dagaa ikishanyeshewa mnajua inakuwa ya kulishia kuku, bei yake ni matusi. Nikasema kwa sauti, Mungu kwani umeniona mimi tu? Kumbe mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi kanisikia. Jioni wakaja nyumbani na kiongozi wao, wakaniambia nimenung'unika kama wana wa Israeli jangwani, kwamba Ayubu alinyamaza, kwamba humu ndani kuna dhambi imefichwa ndo maana mgonjwa haamki, nifunge na nitoe sadaka ya kufungua. Yote wanayasema mgonjwa anasikia, machozi yanamtoka.

Swali langu, hivi kweli nimekosa? Na kuvumilia Kikristo ndo kufunga mdomo?

mtumishi_wa_shamba
Pole sana dada. Jaribu halizidi uwezo wako 1 Kor 10:13. Ayubu alipoteza vyote na hakusema kitu. Vumilia muujiza wako uko mlangoni. Amina.

mwl_gungu
Mtumishi hapo juu nakuheshimu ila Ayubu hakusema kitu wapi tena?? Sura mbili za kwanza ndo tunazohubiriwa, Bwana alitoa na Bwana ametwaa, halafu tunaruka hadi sura ya 42 aliporudishiwa mali maradufu. Katikati pale kuna sura karibu 40, na kama nusu yake jamaa ndo anaongea. Sura ya 3 anailaani siku aliyozaliwa, ya 7 anamuuliza Mungu utaacha lini kunitazama hata nimeze mate, ya 10 anasema nafsi yangu inachoka na maisha haya. Na mwisho wa yote, 42:7, Mungu anawakasirikia akina nani? Wale rafiki watatu waliokuja na maelezo kwamba lazima kuna dhambi. Anasema hawakunena yaliyo sawa kama mtumishi wangu Ayubu. Yaani aliyelalamika ndo kahesabiwa kanena sawa, na walioitetea heshima ya Mungu wakaambiwa wakatoe sadaka ya kuteketezwa, na Ayubu ndo awaombee. Kwa hiyo mama kama ni sadaka, kwa mujibu wa kitabu chenyewe wanaotakiwa kutoa ni wageni wako, samahani lakini.

Hao rafiki kuna jambo moja walifanya zuri sana, siku saba walikaa naye chini bila kusema neno. Walipofungua mdomo ndo wakaharibu.

Na hiyo 1 Kor 10:13 jamani tusiigawe kama panadol. Soma mstari unaofuata, Paulo anasema ikimbieni ibada ya sanamu, anaongelea vishawishi vya kutenda dhambi. Mzigo wa kuuguza ni habari nyingine, Paulo huyohuyo kwenye 2 Kor 1:8 anasema walilemewa kupita nguvu zao hata wakakata tamaa ya kuishi. Kupita nguvu zao! Mtume.

kijana_wa_kasulu
Mwalimu umeeleza vizuri ila tusiende upande mmoja tu. Yohana 5:14 Yesu anamwambia yule aliyemponya usitende dhambi tena lisije likakupata jambo baya zaidi. Kwa hiyo dhambi na ugonjwa vinaweza kuhusiana. Na Waisraeli kweli walinung'unika na wakafia jangwani, hilo lipo huwezi kulifuta.

mwl_gungu
Lipo sijalifuta. Ila aliyesema vile ni Yesu, aliyekuwa anamjua yule mtu ndani nje. Sura ya 9 wanafunzi wanamuuliza kuhusu kipofu nani alitenda dhambi, akawajibu huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Ugonjwa mmoja hivi, mwingine vile, sa kikundi cha maombi cha Jumatano kimejuaje huu ni upi? Presha ya kurithi je?

Kuhusu Waisraeli fungua Kumbukumbu 1:27, wamenung'unika hemani mwao, wanaambiana wao kwa wao kwamba Bwana anatuchukia, na wakataka kurudi Misri. Hawakumwendea Mungu, walimsengenya. Huyu mama kamwambia Mungu mwenyewe, mbele ya dagaa wake wameloa. Daudi kafanya hivyo mara ngapi, na Zaburi 88 ya wana wa Kora inaisha gizani kabisa haina hata haleluya, na bado imo kwenye Biblia tunaiimba. Yesu msalabani kauliza mbona umeniacha, nani atamwambia alikosa imani?

Halafu kuna Trofimo, hatajwi kwenye mahubiri. 2 Tim 4:20, Paulo anasema nimemwacha Mileto ni mgonjwa. Paulo ambaye leso zake zilikuwa zinapelekwa kwa wagonjwa wanapona! Hajasema Trofimo ana dhambi, hajatoa maelezo yoyote.

kijana_wa_kasulu
Hiyo ya hemani nimeipenda. Ila ya sadaka umewachapa sana 😂

ujiji_mzawa
Mi Muislamu nimepita tu. Hata kwetu Nabii Ayub alimlilia Mola wake kwamba dhara imemgusa, na bado ndo mfano wa subira. Pole dada yangu, Mungu amfanyie wepesi mgonjwa.

nesi_mstaafu_tabora
Mwanangu mimi ni Mkatoliki, hayo ya sura na mistari namwachia mwalimu. Nimeuguza watu miaka mingi nitasema machache ya mwili. Kwanza dawa za presha asiache hata kama ameombewa, wanaoacha wako hatarini kupata kiharusi cha pili na hicho ndo kibaya. Mgeuze kila baada ya masaa mawili mchana na usiku. Na hapo ndo ugumu, mtu mmoja hawezi, wewe mwenyewe utaanguka. Elia alipochoka hadi akaomba afe, malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji akamwacha alale tena. Hao wa kikundi waambie wazi, fulani Jumanne usiku, fulani Ijumaa, waje wageuze mgonjwa wewe ulale. Wagalatia 6:2 si kuchukuliana mizigo? Ulizia pia hospitali ya Maweni kuhusu mazoezi tiba, mkono usije ukakakamaa.

Huko Karema, ziwa lenu hilohilo, alikuwepo Adrien Atiman, daktari na katekista. Alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema 1889 akatibu watu hapo mpaka alipofariki 1956. Mtu aliyeteswa vile angeweza kukaa akihoji kwa nini mimi, na angekuwa na haki. Mimi katekista wa namna hiyo ndo namsikiliza akiniambia vumilia, sababu ana bandeji mkononi.

mama_wa_mwaloni
Asanteni jamani nimesoma nikalia. Nimemsomea baba watoto ile ya Trofimo akacheka, nusu mdomo, sijamuona anacheka tangu aanguke. Sadaka ya kufungua sitoi, hela ndo hiyohiyo ya dawa. Ila kuwaambia waje kwa zamu naona aibu, nitaanza na yule mama aliyenisikia mwaloni.

Mama wa Tabora, hivi kisigino nacho huwa kinatoka kidonda? Naona pamekuwa peusi na pamelainika.

nesi_mstaafu_tabora
Ndiyo kisigino na makalio ndo pa kwanza. Usipasugue wala usipake mawese. Kunja kitenge uweke chini ya shavu la mguu, kisigino kibaki hewani kisiguse godoro. Na kesho asubuhi mtu amwone, usingoje pachubuke.