Wanafunzi wa ushauri nasaha wanawakwepa wazee: mnawaanzishaje?

Msimamizi_Chumbageni
Habari za jioni wanajukwaa. Nasimamia wanafunzi wa ushauri nasaha wanaokuja Tanga kwa mafunzo ya vitendo, wiki nane. Wakiambiwa wachague, wote wanakimbilia vijana, ndoa na VVU. Wazee hawana mtu. Wanasema mzee habadiliki, na wanaona haya kumuuliza mtu wa umri wa babu yao mambo ya ndani. Nianzie wapi bila kuwalazimisha?

Mwambao
Mwalimu, usiwapeleke wodini siku ya kwanza. Mwanafunzi akianza na mzee asiyemtambua mwanawe, ataondoka akiamini uzee ndio huo. Waanze na wazee wenye nguvu zao, kwenye baraza za Ngamiani baada ya Alasiri: wiki mbili, mara mbili kwa wiki, kila mmoja na mzee yuleyule. Fomu ziachwe ofisini. Kazi ni kumsikiliza akisimulia maisha yake: utoto, kazi (mkonge, reli, bandari), ndoa, misiba, mpaka leo. Robert Butler, daktari wa akili wa Marekani, aliandika juu ya njia hii mwaka 1963.

Hilo la "mzee habadiliki" Freud, mwanzilishi wa tiba ya mazungumzo, alilichapisha 1905, kwamba waliofika hamsini hawafai tiba hiyo. Mwenyewe alikuwa anaigonga hamsini!

Bi_Mkunga
Aibu ni ya mwanafunzi, mzee hana aibu kiasi hicho. Atoe shikamoo, aulize habari za nyumbani na wajukuu, asiharakie. Dakika kumi zikienda hapo hazijapotea.

Akae mbele yake, mwanga umuangukie mwanafunzi usoni ili mzee aone midomo. Asipige kelele: sauti ikipandishwa huwa nyembamba, na sauti nyembamba ndizo sikio la uzeeni hupoteza kwanza. Aishushe, apunguze mwendo. Saa tatu hadi saa tano asubuhi panafaa, dakika 30 hadi 40, karibu na choo, maana dawa nyingine za presha zinakojosha.

Na mkwe anayejibu kila swali kwa niaba ya bibi? "Mama, naomba nizungumze na bibi kidogo, kisha nitakuita." Inatosha.

Kipimo_na_Kalamu
Niongeze la vipimo. Mzee hasemi ana sonona (ugonjwa wa huzuni nzito), atakwambia mwili hauna nguvu, usingizi hauji, moyo mzito. PHQ-9, dodoso la sonona la watu wote, inauliza usingizi, uchovu na hamu ya kula, kwa hiyo maumivu ya viungo peke yake yanaweza kupandisha alama. GDS fupi, dodoso la sonona la wazee, ina maswali 15 ya ndiyo au hapana, karibu yote ya hisia. Zaidi ya alama 5, achunguzwe zaidi. Wanaoanza hukosea hesabu hapa: swali la 1, 5, 7, 11 na 13 alama inatoka kwenye "hapana", mengine kwenye "ndiyo".

Mzee aliyechanganyikiwa ndani ya siku mbili tatu si wa ushauri, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Huenda ni maambukizi, upungufu wa maji, au dawa. Amitriptyline, dawa ya sonona na maumivu, inasumbua wazee sana. Ugonjwa wa kusahau huja polepole, miezi na miaka. Tena mwenye sonona mara nyingi hulalamika kwamba anasahau, wakati mwenye ugonjwa wa kusahau huficha au hajui.

Msimamizi_Chumbageni
Ahsanteni mno. Moja limebaki: mzee akitoa zawadi, nazi au maembe?

Bi_Mkunga
Apokee, akwambie, uandike. Kukataa nazi ya mzee ni kumvunjia heshima. Pesa hapana.

Kinachoniogopesha zaidi ni hizo wiki nane. Mzee aliyezika wenzake wengi, mwanafunzi akipotea ghafla, kwake ni msiba mwingine. Tarehe ya mwisho itajwe siku ya kwanza, ikumbushwe wiki ya sita, na wiki ya nane mwanafunzi aende na mtu atakayeendelea kumtembelea, aonane naye uso kwa uso.