Machinga waliondolewa ili sisi tupite. Mbona katikati ya Arusha bado hatupiti?

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa na jambo hili siku tatu nikitegemea hasira itashuka ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Jumamosi mama yangu mzazi ametumbukia mtaroni jirani na Soko Kuu, saa 6 na nusu mchana, jua linawaka. Ana miaka 68. Hakuwa anakimbia wala kuvuka barabara. Alikuwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na mkono wake mmoja nimeushika mimi.

Alikuja kutoka Babati kuangaliwa macho. Ijumaa tukamaliza mambo ya hospitali, Jumamosi asubuhi akaniambia, "Baba, leo usinipandishe bajaji. Nataka niuone mji kwa miguu." Nilifurahi kuliko alivyojua. Mimi ni mtu wa kutembea. Nimeishi Arusha miaka 11, na kila Jumamosi nikiwa sina kazi nashuka kutoka Sanawari hadi mjini kwa miguu, nakula ninachokutana nacho, jioni narudi. Huu ni mji wa kutembea jamani! Uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mchana wake hauchomi kama wa Dar, na Mlima Meru ukiwa wazi huwezi kupotea, unautazama tu unajua kaskazini ni wapi. Na vitu vyenyewe vimekaribiana: Boma walilojenga Wajerumani mwaka 1900, Mnara wa Saa, Soko Kuu, kisha Mnara wa Mwenge na makumbusho ya Azimio la Arusha kule Kaloleni. Mzee anaweza kuvimaliza vyote kabla ya chakula cha mchana, mradi apate pa kupumzika njiani. Hilo la kupumzika nitalirudia.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Tulikunywa chai ya maziwa na vitumbua kwa dada mmoja Sanawari, tukashuka polepole. Upande wa Boma kuna afadhali, unapita bila kubanwa. Karibu na Mnara wa Saa akamsimamisha kijana wa kahawa, akanywa vikombe viwili na kashata, akaanza kunisimulia alivyofika Arusha mara ya kwanza akiwa msichana, amekalia gunia la vitunguu nyuma ya lori. Hiyo hadithi nina miaka 40 na sikuwahi kuisikia. Ndiyo faida ya kutembea na mzazi wako, maneno yanatoka yenyewe.

Tulipoingia mitaa ya sokoni njia ikaisha.

Magari yamepanda kwenye njia ya waenda kwa miguu. Sisemi tairi moja limepitiliza. Nasema gari zima liko juu, pua imegusa ukuta wa duka. Pale tulipofika kulikuwa na dabo kebini nyeupe. Kati ya bampa yake ya nyuma na mtaro pamebaki upana wa mguu mmoja. Barabarani bodaboda na vifodi, zile daladala ndogo, vinagombania abiria, na kumshusha huko mama ambaye macho yake yametiwa dawa jana yake nisingethubutu. Nikamwambia apite kwa ubavu, mimi nimshike kwa nyuma. Kanga yake ikanasa kwenye kile chuma cha kuvutia tela. Akageuka kuinasua, akarudisha mguu nyuma hatua moja, akakanyaga mfuniko wa zege wa mtaro. Mfuniko ulikuwa umepasuka katikati, na tundu lake mtu amelifunika kwa kipande cha boksi. Boksi! Mguu ukazama mpaka gotini.

Sijawahi kumsikia mama yangu akilia vile. Nondo ya ule mfuniko ilikuwa imechomoza, ikamchana muundi kutoka juu mpaka karibu na kifundo. Muuza kahawa mwingine, wala si yule wa mwanzo, aliweka birika lake chini akaja tukamtoa pamoja. Mama mmoja muuza nyanya akaacha meza yake akaleta maji ya kumwosha. Ndala ya kulia ikaenda na maji meusi. Zahanati wamemshona nyuzi 7 na kumchoma sindano ya pepopunda. Mwenye gari alitokea tukiwa bado tumekaa chini. Alituangalia, akapanda, akaondoka. Hata pole hakutoa.

Sasa nisikilizeni hasira yangu iko wapi hasa, kwa sababu najua mtaniambia ni ajali.

Mwishoni mwa mwaka 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara mijini, nchi nzima, wakapangiwa maeneo. Hapa kwetu tuliona vibanda vikibomolewa na meza zikibebwa. Sababu tuliyoambiwa ni kwamba zile ni njia za waenda kwa miguu na watu wanakosa pa kupita. Ilikuwa kweli, na sitasema uongo kwa sababu ya hasira: kabla ya hapo mitaa mingi ya sokoni ulikuwa unatembea katikati ya barabara kwa kuwa pembeni pamejaa mitumba na viatu. Nilikubali. Iliniuma kwa ajili ya watu niliokuwa nakula kwao, lakini nilikubali, kwa sababu waliondolewa kwa jina langu mimi ninayetembea kwa miguu.

Njia hiyo sikupewa. Wamepewa wenye magari.

Kuna mama lishe mmoja nilikuwa nakula kwake tangu nafika mji huu. Alikuwa na benchi mbili chini ya mjakaranda, majiko matatu ya mkaa, na turubai la buluu. Wali maharage na mchicha, pembeni kapilipili ka kusaga alikokuwa anakafunika kwa sahani ili nzi wasiguse. Alhamisi ilikuwa siku ya makande, na kwa wateja wake Waarusha alikuwa anatenga sufuria ya loshoro, mahindi laini yenye maziwa mgando. Ukikaa pale saa moja umeujua mji: fundi saa, mpiga debe, karani wa mahakama, wamama wa Kimasai wanaouza shanga, wote benchi moja, bega kwa bega. Benchi zake zilichukua hatua nne za njia. Ubavuni ulikuwa unapita vizuri tu, mimi nilikuwa napita kila wiki. Aliondolewa. Sasa anapika kwenye uchochoro nyuma ya gereji, na wateja wengi hawajui hata kama bado yupo. Chini ya ule mjakaranda, pale pale, kila siku kuna magari mawili yamelala. Nimehesabu Jumamosi tisa mfululizo. Hakuna aliyekuja kuyabeba. Sufuria la mama lishe linabebeka, gari halibebeki?

Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya mtaro, tulipita bustani moja nisiyoitaja ili mlinzi wake mmoja asije akafukuzwa kazi badala ya bosi wake. Ina majani mazuri, kivuli, na benchi tatu za zege. Mama akakaa. Hata hajaegemea, mlinzi akaja. Kijana mwenye adabu, kwanza alimwamkia, "Shikamoo mama." Mama akaitikia. Kisha akasema hapa mpaka muagize kitu, au mnyanyuke. Nikamwambia, "Kaka, bibi anapumzika dakika tano tu." Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba ameagizwa hivyo na akituacha anakatwa mshahara. Mama akanyanyuka mwenyewe, akaniambia, "Twende baba, tusimponze mtoto wa watu." Kama angeachwa akapumzika zile dakika tano, pengine hata pale sokoni tusingepita muda ule. Hilo linanizungusha kichwa usiku.

Nauliza: mtu asiye na hela ya soda akichoka katikati ya Arusha akae wapi? Kijani ninachokiona ni mizunguko ya barabara, ambayo kuifikia lazima ukimbizane na magari, na bustani zilizogeuzwa ukumbi wa harusi na baa. Na eneo lipo! Mji huu unakatizwa na mito, Themi na Naura ikiwa miwili tu kati ya hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Maana yake kuna ukanda wa ardhi unaopita katikati ya mji wetu ambao kisheria haupaswi kujengwa. Weka njia ya changarawe, panda miti, weka benchi za zege kila baada ya hatua mia, watu watashuka kutoka sehemu za juu hadi mjini wakiwa kivulini na maji yanapita pembeni. Badala yake ukisimama darajani unaona nepi, chupa na makapi ya machungwa.

Vivuko vya pundamilia sivizungumzii sana, mnavijua. Sheria ya Usalama Barabarani ipo tangu 1973. Dereva anaona mzee ameshaweka mguu kwenye mistari na bado anaongeza mwendo huku anapiga honi.

Nilikaa Moshi miaka mitatu, na sisemi Moshi ni peponi. Lakini kule nilikuwa natoka Mnara wa Saa nikishuka hadi stesheni ya reli nikila mahindi ya kuchoma ya limau na pilipili, macho yangu yakiwa juu kwenye miti na Kibo. Hapa natembea macho chini kama niliyepoteza sindano, natafuta mifuniko iliyopasuka. Na mwaka 2027 tunapokea AFCON, uwanja unajengwa hapa hapa. Maelfu ya watu watataka kuingia mjini, watembee, wale mishikaki, wanunue shanga. Watapita wapi?

Nyongeza, saa 4 usiku. Nimesoma majibu.

Mkuu uliyesema ninunue gari: nikinunua nitapaki wapi, juu ya mama yako? Samahani kwa ukali, lakini fikiria ulichoandika. Wengi wa waliomo mjini saa hii wamefika kwa kifodi na miguu yao.

Uliyeandika kwamba wazee wabaki nyumbani, sina maneno ya kukujibu yanayofaa kuandikwa hapa. Mama yangu ana haki ya kula kashata Mnara wa Saa.

Mkuu wa Ngarenaro, unasema hawa wenye magari ni wenye maduka wenyewe na wateja wao, na wakibanwa biashara itakufa. Mimi ni mteja pia. Jumamosi ile nilikuwa na Sh 80,000 mfukoni za kumnunulia mama kitenge na viatu. Zimeishia zahanati. Wateja wa miguu tukishindwa kupita, hizo duka zinauza kwa nani?

Na wewe unayetaka machinga warudi kila mahali kama zamani, hapo sikuungi mkono. Nataka waliokuwa wanalisha watu warudishiwe nafasi chache zilizochorwa mistari, chini ya miti, na ubavuni ibaki nafasi ya watu wawili kupishana na kiti cha magurudumu. Hiyo inawezekana kabisa kwenye njia yenye upana wa gari.

Ninachotaka kwa wenye dhamana ni kidogo na hakihitaji mfadhili. Nguzo fupi za zege ukingoni mwa njia ili gari lisipande. Mifuniko ya mitaro ikaguliwe, uliopasuka ubadilishwe, usifunikwe kwa boksi. Benchi ambazo mtu anakalia bila kuulizwa ataagiza nini. Nimeandika barua kwa mkono, kurasa mbili, na picha za mguu wa mama nimeziambatanisha. Jumatatu ya wiki iliyopita kuna mwingine hapa alisema aliandika kuhusu mtaro huo huo. Mkuu, kama unasoma, naomba nakala ya barua yako niiambatanishe na yangu.

Dada uliyeuliza hali ya mama, asante sana. Anaendelea vizuri, nyuzi zinatolewa wiki ijayo. Leo amekaa kibarazani anamenya njegere. Nilipomwambia akipona tutapanda bajaji twende Mnara wa Mwenge kwa kuwa hatukufika, alikataa. Anasema atakwenda kwa miguu.

Kwa hiyo naomba hivi. Jumamosi hii saa 3 asubuhi nitaanzia Mnara wa Saa na chaki nyeupe, nizungushie kila mfuniko mbovu hadi Soko Kuu ili wanaopita waone kabla hawajakanyaga. Mwenye nafasi aje. Asiye na nafasi aandike hapa chini jina la mtaa wake na duka lililo karibu na mfuniko uliopasuka. Nimeanza orodha, mpaka sasa ninayo 14.