Kujenga jiko la nje kwenye nyumba ya kale Moshi: naomba ushauri

Habari zenu wakuu, shikamooni wakubwa.

Tuna nyumba ya urithi Moshi mjini, upande wa stesheni ya reli, kuta za mawe na chokaa. Mama anataka jiko la kuni na stoo ya mahindi uani, mita 3 kwa 4 tu. Fundi anasema tuegemeze bati kwenye ukuta wa zamani, tupige Jumapili yaishe. Nasita. Mwaka juzi alipiga plasta ya saruji ukuta huohuo. Masika hayajaisha ikabanduka kama ganda la yai, chokaa ndani imelowa chapachapa.

Serikali ya mtaa walinituma halmashauri. Huko nikajibiwa kwa mdomo tu: "Eneo la kale hilo, subiri." Karatasi hakuna. Nijuavyo, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, mengine mpaka waziri atangaze. Yetu ni ya miaka ya 1930.

Aliyewahi kujenga uani kwenye nyumba kama hizi, kibali alipataje, na walidai ramani kamili? Na mafundi: jiko likisimama peke yake, niache nafasi kiasi gani na ukuta?